Waya Wenye Kitambaa Chekundu

Viongozi wa dini, wazee wa familia, majirani, wafanyakazi wenzake wa kivukoni, na wewe meneja uliyeketi mstari wa mbele, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika, mimi ni binti yake wa kwanza na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba. Karatasi niliyokabidhiwa na baba mdogo ilikuwa na mstari unaosema kwamba marehemu alistaafu kwa hiari yake, mstari huo nimeufuta kwa kalamu. Baba mdogo kaniambia, "Mwanangu, usilete maneno msibani," nami nimemjibu kwa heshima zote kwamba maneno yaliletwa na wengine, mimi nayasoma tu.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba mpiga chapa na mama muuza vitambaa. Alisoma shule ya msingi inayotazamana na kituo cha zimamoto kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1971, akaendelea na sekondari ya jioni huku akisaidia kwenye duka la redio, kisha tarehe 3 Februari 1976 akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu umeme wa vyombo vya majini tarehe 30 Novemba 1978, akiwa wa pili darasani, na mpaka anafariki hakuwahi kukubali kwamba yule wa kwanza alimzidi kitu.

Tarehe 8 Januari 1979 aliajiriwa na idara ya vivuko, katika karakana ile ya mabati kando ya gati, akapewa kabati namba kumi na moja na mita ya kupimia umeme ambayo baadaye aliinunulia mfuko wa ngozi, wakati sisi wanawe tulikwenda shule na mifuko ya nailoni. Wenzake walimwita Ngoja Nipime, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kifaa kimekufa akakubali kabla hajakipima mwenyewe, hata pasi ya jirani, hata kengele ya mlangoni.

Mama alimpata kwa njia hiyohiyo, fundi huyu aliitwa kutazama soketi kwenye chumba cha ushonaji alikokuwa akifanya kazi mama, akarudi kuipima siku tatu mfululizo, soketi haikuwa na ubaya wowote. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1981, wakajaliwa watoto wanne, mimi, wadogo zangu wawili wa kiume na kitindamimba wetu ambaye ni muuguzi, na ameacha wajukuu saba.

Sasa nafika mahali ambapo baba mdogo anatazama chini, na naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo walipomuua baba yetu kabla ya ugonjwa kumaliza kazi.

Boti ya kuvusha abiria, ile yenye injini mbili, ilianza kusumbua mwanzoni mwa mwaka 2014, injini ya kushoto ukiipa ufunguo ilitoa mlio mmoja, tak, ikanyamaza. Ofisi ikaleta fundi wa nje, akabadilisha starta, mota ya kuzungushia injini ianze, ikawaka siku mbili ikagoma, wakaleta betri mpya, ikawaka wiki ikagoma, wakaleta starta nyingine. Baba aliwaeleza kwa utaratibu kwamba haiwaki kwa sababu ya upya wa kifaa, inawaka kwa sababu wakati wa kufunga kifaa wanatikisa waya, na waya ukishatulia mahali pake ugonjwa unarudi.

Manahodha nao, ili safari isikwame, wakajizoesha njia yao, waliwasha ya kulia kwanza, kisha wakabonyeza swichi ya kuunganisha betri, ndipo wakawasha ya kushoto, hivyo kila asubuhi ya kushoto iliazima nguvu kwa mwenzake na wote wakasema boti ni nzima. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuanza na ya kushoto peke yake. Baba alianza nayo, tarehe 21 Mei 2014, akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye mwili wa injini, akamwambia nahodha azungushe ufunguo, na mahali ambapo mita inatakiwa kusoma karibu na sifuri ikasoma volti nne. Maana yake, kama alivyotufundisha mezani mpaka chakula kikapoa, ni kwamba umeme unatoka vizuri lakini hauna njia ya kurudi, waya wa hasi umeoza ndani ya ganda lake, nje unang'aa, ndani ni unga wa kijani.

Waya huo unapita chini ya sakafu, chini ya tangi la mafuta, na kuutoa kulihitaji boti ilale siku moja na saini ya meneja. Jibu alilopewa na meneja lilikuwa hili, "Mzee, boti haiwezi kulala siku nzima kwa ajili ya waya." Baba akafunga kitambaa chekundu kwenye ncha ya waya ule ili yeyote atakayefungua asipotee, akaandika katika daftari la matengenezo, ukurasa wa arobaini na tatu, tarehe, vipimo na sahihi yake. Miaka miwili ikapita, boti ikalazwa mara mbili, mara zote mbili ili ipakwe rangi.

Tarehe 9 Agosti 2016 abiria walikuwa wachache, boti ikatembea na injini ya kulia tu kama walivyozoea siku kama hizo, kamba ikajisokota kwenye pangaboi lake, nahodha wa siku hiyo akaihangaisha injini hiyo mpaka betri yake ikachoka, akageukia ya kushoto, haikuwa na pa kuazima nguvu, tak. Boti ikaenda na maji dakika arobaini, ikajigonga kwenye nguzo za gati, mama mmoja akavunjika mguu. Ripoti iliyotoka ilisema chanzo ni uzembe wa fundi umeme kutokagua betri, na tarehe 22 Agosti, akiwa amebakiza miezi saba astaafu, baba alipewa barua na nusu saa ya kufungua kabati namba kumi na moja.

Uzembe! Mtu aliyepima hata pasi ya jirani! Aliandika barua saba akiomba jambo moja tu, ukurasa wa arobaini na tatu usomwe na neno lile lifutwe, akajibiwa mara moja, kwamba suala lake linashughulikiwa. Sokoni watu walipunguza sauti akipita, na yeye, ambaye alikuwa akitembelea kila nyumba na mita yake, akaacha kutoka. Nina hasira, ndugu zangu, na siombi radhi.

Novemba 2021 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tano, na hata kitandani alimuuliza daktari kama mashine ya kusafishia damu imeunganishwa vizuri na ardhi, daktari akainama kuangalia. Alifariki Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya figo, majirani waliotupikia na kutuletea viti, na wenzake wa karakana. Kwa namna ya pekee tunamshukuru nahodha wa sasa wa boti ile, ambaye aliposikia msiba aliomba ruhusa, akakataliwa, akafungua sakafu hata hivyo, na juzi akaja nyumbani na kitu kimefungwa kwenye gazeti, akamwambia mama, "Shemeji, nimekuta kitambaa bado kimefungwa." Waya ndio huo mezani, kando ya picha yake, kitambaa kimefifia lakini fundo ni la baba, na nimeupasua ganda ili kila atakayepita kuaga aone kijani kile.

Idara imetupa boti hiyohiyo tumvushe baba kwenda makaburini upande wa pili, tumeipokea. Nahodha ameshafunga waya mpya, na nimemwomba aanze na injini ya kushoto, peke yake, bila kuunganisha betri, ninyi nyote mkiwa kimya gatini. Meneja, wewe nakuomba usimame karibu na jeneza usikilize, ripoti yenye sahihi yako ninayo hapa, na kalamu niliyofutia mstari wa baba mdogo bado ina wino wa kufuta neno lile.

Baba, Ngoja Nipime wetu, umeshapima na ulipima sawasawa, kazi iliyobaki ni yetu, pumzika kwa amani.