Emmanuel Mabonga na Kipimo Alichokiahirisha

Ndugu yetu Emmanuel Mabonga alizaliwa tarehe 14 Juni 1983 mtaani West Indies, hapa Eldoret, akiwa kitinda mimba wa Mama Tryphosa na marehemu Mzee Mukhwana. Mimi dada yake, Nabalayo, ndimi niliyembeba mgongoni. Sikudhani ni mimi nitakayemsomea haya.

Alisoma shule ya msingi papo hapo mtaani, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2001 na diploma ya kompyuta mwaka wa 2005. Akiwa darasa la tano aliifungua redio ya baba, kuirudisha kukamshinda. Baba alicheka mpaka akasahau kumchapa.

Mwaka wa 2007 aliajiriwa na ushirika wa maziwa mjini kutunza seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi hesabu za wakulima wote. Mashine hiyo hutoka kiwandani na kipimo chake ndani: unaizima, unaiwasha, unabonyeza kitufe, nayo inajikagua yenyewe. Kuna kipimo cha haraka, na kuna kirefu kinachokula siku nzima. Siku moja ilipokwama, meneja wake, Mzee Kiplimo, alimwambia, "Fanya ile ya haraka bwana, wakulima wamejaa hapo nje." Emmanuel akajibu, "Mzee, hiyo itaniambia tu imeamka. Haiwezi kuniambia iko sawa." Wakulima walingoja wakinung'unika, na kile kirefu kikaonyesha memori iliyoharibika.

Tarehe 10 Desemba 2011 alifunga ndoa na Jeruto, mwalimu kutoka Ainabkoi, wakaanza maisha mtaani Pioneer. Mungu akawapa Nanyama na Kipyego.

Januari 2025 alianza kuishiwa na pumzi. Kliniki ilimpima presha, ikawa sawa, lakini wakamtaka aende hospitali kubwa moyo ukaguliwe vizuri. Aliomba ruhusa kazini. Akaambiwa wahamie seva mpya kwanza. Akakubali. "Si presha iko sawa?" alituambia. Jeruto akamuuliza, "Baba Nanyama, computer unaipima siku nzima. Wewe je?" Alicheka tu.

Jumanne tarehe 11 Machi, Mzee Kiplimo alimkuta kwenye chumba cha seva, ameketi kitini, ameshatutoka. Kipimo kirefu cha mashine mpya kilikuwa kimekwisha, na skrini ilisema haina hitilafu yoyote. Daktari aliyeuchunguza mwili alisema ni valvu ya moyo, na kwamba ingetibika. Tangu asikie neno hilo, mama hajala chakula cha maana.

Ameacha mjane, Jeruto. Watoto, Nanyama na Kipyego. Mama yetu, na mimi. Jeruto ameomba tusiandike kwamba amemaliza kazi aliyotumwa duniani. Hakumaliza. Alikuwa na watoto wa kulea.

Mungu ampumzishe, maana sisi hatukumpa nafasi.