Unga wa Mwalimu Jerotich

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Jerotich wa Kabazi, mke wa Hiram Kipketer. Alifundisha kemia miaka thelathini na moja. Nimonia ilimchukua Jumanne iliyopita.

Jirani yake, Mwaura, alianza kumshuku mara tu alipostaafu. Na kusema kweli, utamlaumu? Mama mzima anachuma majani ya kahawa, majani tu, buni anaziacha. Anayachemsha mchana kweupe, amevaa glavu na barakoa. Halafu wale wamama wanaotia sufu rangi wanapanda kwake na ndoo zimefunikwa. Zimefunikwa za nini? Mwaura alichungulia juu ya ua mpaka shingo ikamuuma.

"Mwalimu, kwani unapika nini huko?"

"Dawa, Mwaura. Dawa ya maji."

Dawa gani hiyo, ya kuponya ama ya kuloga? Neno hilo lilimkosesha raha. Wiki hiyo hiyo akamsikia kwenye simu: "Unga uko tayari. Mweupe, laini kabisa. Kesho naleta Nakuru."

Unga, wasikilizaji. Mweupe. Mwaura akawaza dawa za kulevya, akapigia polisi.

Ukweli ni huu, na nitaurudia. Ulikuwa oksidi ya zinki, na alikuwa anaupeleka chuoni upimwe. Alichanganya maji ya yale majani na chumvi ya zinki, akakausha, akachoma, akabaki na chembe ndogo ambazo jicho haliwezi kuzitenga. Bila kemikali kali. Ukiutia kwenye maji ya rangi, ukayaanika juani, rangi inaisha. Ndoo zile zilibeba maji machafu ya wamama, yasimwagwe mtoni, mto ambamo ng'ombe wa Mwaura wanakunywa. Narudia: oksidi ya zinki.

Mwalimu alikaa selo siku mbili. Maabara ikathibitisha, akaachiliwa. Lakini kanisani akikaa kwenye benchi, watu walisogea mbali naye.

"Aliacha kabisa," anasema Mzee Hiram. "Sufuria ikawa ya kupikia githeri. Na wamama wakarudi kumwaga mtoni."

Jana Mwaura alikuja hapa studio, kofia mkononi. "Taja jina langu," akasema. "Ni mimi nilipiga simu. Yeye si mlimtaja?"

Ndiyo, tulimtaja. Kituo hiki kilisoma jina lake kwenye habari za saa saba, mshukiwa wa unga. Alipoachiliwa, hatukusoma kitu. Hiram anasema tangu hapo mkewe alikuwa akifungua redio kila saa saba, anasikiliza mpaka mwisho, anaizima. Miaka minne. Mpaka wiki aliyolazwa. Nimeona aibu, sitawaficha.

Mzee Hiram, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi wengine, kila mtu ajiulize ni jina la nani amelibeba mdomoni bila kuuliza.

Sasa ni saa saba kamili. Hii ni habari. Mwalimu Jerotich wa Kabazi hakuwa na hatia.