Kulabu au Kamba kwa Bega la Nizigama

Tangu nimzike mke wangu, mama Zubeda, kahawa ya kijiwe chetu cha Rusimbi naipika mwenyewe, na wateja wanalalamika kuwa imezidi uchungu. Mungu amrehemu, kipimo cha tangawizi alikijua yeye. Alasiri ile nilipotoka kuswali nilimkuta Nizigama kwenye benchi, mkono umening'inizwa kwa kitenge cha mkewe. Ni Mrundi wa kambi ya wakimbizi, amepewa ruhusa ya matibabu, amefikia kwa dada yake mtaani kwetu. Kesho asubuhi daktari anataka jibu: bega lifungwe kwa njia ipi? Tayari alikuwa amezungukwa na Telesphory, mjenga mitumbwi tunayemwita Misumari, na Feliksi, mshona nyavu, tunayemwita Nailoni. Nikajua hapatakuwa na amani.

Nizigama: Mzee Mwinshehe, nimeonyeshwa bega kwenye kompyuta. Si langu, ni la mfano. Wamelifunga kwa namna mbili, wakalibebesha mzigo humo humo. Mfupa ukizidiwa, unageuka mwekundu.

Misumari: Ya kwanza ikoje?

Nizigama: Bamba la chuma lenye kulabu. Linaukandamiza mfupa wa mtulinga usiruke. Lina nguvu, ila pale kulabu inapoegemea, pekundu kama nyanya.

Nailoni: Na ya pili?

Nizigama: Kamba ngumu, inapita kwenye tundu la mfupa, ina vifungo huku na huku. Rangi yake imetulia. Lakini inaweza kulegea.

Misumari: Kesi imekwisha, chuma! Umeona wapi mtumbwi umefungwa kwa uzi?

Nailoni: Na wewe umeona wapi mtu anazibwa kwa pamba na lami? Bega linacheza, kaka. Lazima liachiwe nafasi, kama wavu.

Misumari: Mtumbwi wangu unakwenda Kagunga na kurudi!

Nailoni: Unarudi, abiria wanakomba maji kwa sufuria.

Nikawamiminia kahawa wapoe, nikamuuliza mgonjwa aliumiaje.

Nizigama: Hapo hapo Kagunga, mwaka tuliokimbia. Meli imesimama mbali, mitumbwi haifiki ukingoni. Nikambeba mama mkwe begani, nikaingia naye majini. Nikateleza, na bega halijakaa sawa tangu siku ile.

Nailoni: Mama mkwe! Begani! Sisi Waha tukimwona njiani tunapita pembeni.

Nizigama: Ego, ndiyo, hata kwetu. Siku ile hapakuwa na pembeni.

Misumari: Sasa sikiliza. Kwenye kompyuta walilibebesha mama mkwe?

Nizigama: Niliona mshale tu, unaelekea chini.

Misumari: Basi hawajapima kitu! Mshale umetulia. Mama mkwe anageuka, anaita watoto, anakuelekeza njia. Weka kulabu mbili na boriti katikati.

Nailoni: Atalalaje na boriti? Mpeni kamba ya kuvulia sangara wa Ilagala. Ikilegea nitaikaza mimi, hapa hapa, yeye anakunywa kahawa.

— Umshone mwanadamu? nikasema. Mwogope Mungu, Feliksi.

Tulikuwa bado tunacheka alipotokea Vénérande, mke wa Nizigama, kutoka sokoni na kapu la samaki wa migebuka kichwani.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mama.

Misumari: Shemeji, umekuta tumemaliza. Kulabu!

Vénérande: Daktari alisema kulabu haikai mwilini moja kwa moja. Miezi ikipita, anapasuliwa tena, itolewe.

Misumari: Itatolewa, tatizo liko wapi?

Vénérande: Siku hiyo sisi tutakuwa wapi?

Kambini wengine wanasema watarudishwa kwao, wengine wanasema watahamishwa, wengine wanapanda mihogo kama watu wa kubaki. Nilitaka kusema Mungu ndiye ajuaye, lakini hilo yule mama alikuwa analijua kuliko sisi sote.

Nizigama akauweka vizuri mkono wake kwenye kitenge.

— Basi kamba, akasema. Kamba nitaondoka nayo popote.

Nailoni akaruka juu kushangilia, mikono yote hewani. Vénérande akamtwika kapu.

— Wewe mabega yako mazima, shemeji. Twende.