Mama Timazi na Saini Iliyokuwa Yake

Dada yetu mpendwa, fundi mwashi mliyemwita Mama Timazi kwa kupenda kwake kupima kila ukuta kwa uzi wa timazi kama umenyooka, hata ukuta wa watu wengine, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, kifungua mimba wa baba mwashi na mama mshonaji.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Chuo cha ufundi kilimkataa kwa kuwa msichana, basi akajifunza kwa baba. Mdogo wake anayesoma haya ndiye aliyemchanganyia udongo, na kofi la kuzidisha maji analikumbuka mpaka leo.

Tarehe 12 Juni 1982 aliolewa na dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu. Vita vilipozuka, shemeji akachukuliwa jeshini. Kwa miaka sita marehemu aliziba kuta za zahanati na shule zilizotobolewa, akiwa na wanawake kumi na wawili aliowafundisha mwenyewe.

Amani iliporudi, mwaka 1996, waliambiwa asanteni, sasa rudini jikoni. Hawakurudi. Waliomba kazi ya kujenga soko upya, wakaipata, lakini karani akataka mkataba usainiwe na mume. Shemeji, aliyekwisha kurudi kutoka vitani, akaitwa. Alifika kutoka kwenye ukuta wa shule waliokuwa wakiuziba, ndoo ya zege mkononi.

"Mimi pale ni saidia fundi tu," alisema. "Bosi wangu ni huyu."

"Si mkeo?"

"Nyumbani. Kazini ananifokea."

Karani akamsogezea kalamu hata hivyo. Marehemu akaizuia. "Akisaini huyu, mimi nimepata kazi. Lakini tisa kati ya wenzangu hawa ni wajane, kesho watasainiwa na nani?"

Yeye na wenzake walikalia benchi la ofisi ile siku tatu, huku kazi ikikaribia kupewa wengine. Siku ya nne mkuu wa ofisi alifuta sharti hilo. Marehemu alisaini tarehe 9 Septemba, na soko likaezekwa kabla ya mvua.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari mwaka jana. Alifariki tarehe 18 Agosti mwaka huu, saa tatu asubuhi, hospitalini, mumewe akiwa kando yake. Inatuuma sana.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo wawili na mafundi wanawake sitini na wawili. Juma lililopita binti yake kitinda mimba alisaini mkataba wa kujenga shule. Karani hakumuuliza kama ana mume.

Pumzika kwa amani, dada. Kazi tumeipokea.