Redio Iliyowekwa Kando ya Seredani

Mheshimiwa Mudiri, uliyeziacha kazi za Serikali ukaja mpaka Wingwi kuiaga redio. Bwana Sheha, mwenyeji wetu. Shehe wetu, uliyetufungulia kwa dua. Walimu wenzangu wa skuli, mlio kazini na mliokwisha kupumzishwa kama mimi. Wazee wangu wa baraza hii. Akina mama mlio nyuma ya pazia, ambao najua mnasikia vizuri kuliko sisi tulio mbele. Na nyinyi ndugu wageni waalikwa, pamoja na wasioalikwa, maana harufu ya pilau haichagui pua. Assalaam alaykum.

Nakuombeni subira tangu mapema. Mimi nimesomesha watoto umri wangu mzima, na mtu aliyesomesha hawezi kukwambia kwamba mvua inanyesha bila ya kukupeleka kwanza baharini ukaone maji yanavyopanda. Tena mimi ni wa zama moja na huyo mzee redio aliyefunikwa kitambaa pale mezani. Hunichukua muda kushika moto.

Mmeniita nimuage Bwana Himid, mtunzaji wa redio ya baraza yetu, ambaye ameamua kuhamia Makoongwe kwa mwanawe, Mwanabaraka, na kuichukua hiyo redio ya zamani akakae nayo huko. Mzigo wake mnauona, umefungwa kamba, uko pale mlangoni. Basi nasema wazi mbele ya Mheshimiwa Mudiri, nisije nikadhaniwa nimekula pilau ya watu kwa hila: mmeniita nimuage, na mimi nimekuja kumzuia.

Lakini kwanza twende baharini.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka kwamba kabla ya redio baraza hii ilikuwa na santuri. Chombo kile hakikuwa na umeme wala betri. Kilikuwa na kamani ndani, na mkono wa kuizungusha ubavuni. Ukizungusha vizuri, bibi anaimba. Ukijisahau kwa utamu wa nyimbo, kamani inalegea, na yule bibi anageuka bwana, kisha bwana mzee, kisha mgonjwa. Hapo watu wote hupiga kelele, 'Zungusha, yakhe, anakufa.' Kwa hiyo santuri ilikuwa na mtu wake. Bila ya mtu, haikuwa kitu.

Ikaja redio hii ya taa, na ikampata Bwana Himid. Ndugu zangu, mnajua kwa nini inaitwa ya taa? Ndani yake mna vichupa vya kioo vilivyotolewa hewa, na katika kila kichupa mna uzi unaopata moto mpaka unakuwa mwekundu. Umeme hauwezi kuruka ndani ya kichupa kama uzi haujapata moto, kama zisivyoweza kuruka bisi katika chungu cha baridi. Utaziweka, utazitazama, utaziombea. Mpaka chungu kipate moto. Hiyo ndiyo sababu ukifungua redio hii haisemi. Inakaa kimya kwanza, kisha inanguruma kidogo, kisha inakohoa, kisha ndiyo inasema, kama mtu mzima yeyote mwenye heshima zake.

Neno hilo 'taa' nalo lilitupa kazi. Siku moja kichupa kimoja kiliungua, na Bwana Himid akamwagiza Mzee Mjaka, aliyekuwa anakwenda Chake Chake, amletee taa ya redio. Mzee Mjaka alirudi jioni na furaha kubwa na kandili mpya ya mafuta.

Bwana Himid akaitazama. 'Yakhe Mjaka, hii nini?'

'Taa.'

'Taa ya redio?'

'Muuzaji kaniuliza taa ya kuwekwa wapi. Nikamwambia kwenye redio. Akaniuliza redio yenyewe iko wapi. Nikamwambia juu ya meza. Akasema, basi chukua hii, ya mezani.'

'Miye nimekwambia redio imeungua taa.'

'Na miye nimeona ni kweli. Jana usiku haikuonekana kabisa.'

Kandili ile ndiyo hiyo iliyotundikwa juu ya mlango, na naiheshimu, kwa sababu imetumika kuliko kitu chochote kilichopata kununuliwa kwa makosa katika Pemba hii.

Na betri je? Nani aliipakia ile betri ya maji kwenye gari, akaipeleka mjini kutiwa umeme, akairudisha juu ya magoti yake katika njia yetu hii ya mashimo? Itazameni kanzu ya Bwana Himid aliyovaa leo. Inuka kidogo, Bwana Himid, usione haya. Mnaziona tundu zile? Si panya. Ni tindikali ya betri, imemrukia katika kila shimo la barabara, na Mheshimiwa Mudiri akitaka kujua ni wapi patengenezwe, hana haja ya kumtuma mpimaji. Na aikague kanzu.

Basi kila jioni baada ya sala ya magharibi, tukishakusanyika, Bwana Himid alikuwa akizungusha kifungo, anainua mkono wake wa kulia, anasema, 'Subirini, inashika moto.' Tunasubiri. Bi Moza, mkewe, anapitisha kahawa. Na katika kusubiri huko ndimo yalimokuwamo mambo yote ya mji.

Nitatoa mfano mmoja, na wahusika wote wawili wapo, wamekaa mbalimbali kama kawaida. Tangu zije hizi siasa, Mzee Jaribu na Mzee Mjaka hawasemezani. Huyu ana chama chake na yule ana chake, nami sitasema ni vyama gani, maana Bwana Mudiri yupo na pilau bado haijapakuliwa. Lakini redio ilikuwa moja, na wote wawili walitaka kujua habari, hata kama ni kwa ajili ya kuzikataa. Wakawa wanakaa. Na kimya cha kungoja redio ni kizito, ndugu zangu. Mzee Jaribu jioni moja akauambia ukuta, 'Sijui kama kuna mtu kamwona mbuzi wangu.'

Mzee Mjaka akaitazama kandili yake, akaijibu kandili: 'Mbuzi mweupe yuko kwa mtu ambaye mihogo yake imeliwa.'

Mzee Jaribu akauambia ukuta, 'Mihogo isiyozungushiwa ua, mbuzi hudhani ni sadaka.'

Mmoja akisema na ukuta, mwenziwe akisema na kandili, waliendelea hivyo hivyo, mpaka jioni moja wakajisahau, wakasemezana. Mbuzi akarudi kwao, ua likajengwa, tena wakalijenga pamoja. Redio ilipoanza kusema, Mzee Jaribu akaiambia, 'Hebu nyamaza kidogo, tuna mazungumzo.'

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe.

Kijana wetu Nyange, anayefanya kazi melini, alirudi likizo na zawadi ya baraza: redio ndogo, ya kubebwa mkononi, imevaa koti la ngozi kama karani. Haina taa ndani, wala betri ya maji. Inakula vibetri vikavu kama vya tochi, basi. Nyange akabonyeza, na kabla hajaondoa kidole, ikasema.

Baraza nzima ilirudi nyuma. Mzee Jaribu akasema, 'Hii haina adabu. Haijabisha hodi.'

Niwaelezeni, maana hapa ndipo palipo na fundo. Ndani ya redio ile, mahali pa vichupa, mna vipande vya madini, kila kimoja hakizidi punje ya mtama. Vinaitwa transista. Umeme hauruki tena, hata uhitaji moto. Unapita ndani ya punje yenyewe, kama mtu anayekwenda kwa miguu. Na punje ile ni bawabu. Mmeona bawabu wa mlango wa harusi, anayewaachia watu kwa kipimo, huyu pita, weye ngoja? Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini punje hiyo ina udhia mmoja: haipendi joto. Ikipata joto kubwa, bawabu anazimia, watu wote wanaingia kwa pamoja, na hapo hakuna harusi tena, kuna fujo.

Jambo hili nilikuja kulisoma baadaye. Siku ile hakuna aliyelijua, hata Nyange.

Bwana Himid alikabidhiwa mgeni yule usiku wa kwanza amlaze kwake. Na Bwana Himid ni muungwana. Kesho yake ilikuwa mvua, baridi imeingia, na yeye akafikiri: chombo hichi kimetoka nchi za mbali, jana kimesemeshwa bila ya kupashwa, kitapata maradhi. Akakichukua akakiweka kando ya jiko letu la seredani, karibu na dele la kahawa, kikapata makaa vizuri. Hata akakifunika upande mmoja kwa kanga ya Bi Moza, joto lisitoke.

Tukaja. Nyange akafungua. Redio ikasema kidogo, kisha sauti ikawa kama ya mtu aliyetia kinywani muhogo wa moto, kisha ikanung'unika, kisha ikanyamaza kabisa.

'Nani kaiweka hapa?' akauliza Nyange.

'Miye,' akasema Bwana Himid. 'Naipasha.'

'Unaipasha?'

'Kwani yenu haipashwi?'

'Umeniulia redio, ami.'

Hakuna aliyejua la kufanya, na mtu asiyejua la kufanya hufanya analolijua. Watu wakaanza kumpa Nyange pole, mmoja mmoja, kwa foleni. Mzee Jaribu alikwisha kuinua mikono, akakumbuka ni redio, akajifanya anajipangusa uso. Mzee Mjaka akamwambia Nyange, 'Hata haikuugua.'

Kumbe Bi Moza alikuwa hana nafasi ya kuweka dele lake. Akakiondoa kile kisanduku pale makaani, akakiweka juu ya kifuniko cha mtungi, akaendelea na kazi yake. Ubaridi wa mtungi ukampoza bawabu, bawabu akazindukana. Na sisi tukiwa katikati ya kupeana pole, ikatoka sauti nene kule kwenye maji, ikasema: 'Na sasa tunaendelea na salamu za wasikilizaji.'

Kata ya kuchotea maji ikamponyoka Bi Moza. Akasema, 'Mtungi umeitika.'

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Tulicheka sote, Mheshimiwa, isipokuwa mtu mmoja.

Kesho yake Bwana Himid alinijia skuli, nilikokwenda kuazima kitabu. Akaniambia, 'Mwalimu, miye kazi yangu ni kujua lini moto umeshika. Chombo hichi moto kinakiua. Sasa niketi pale nifanye nini?' Nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha picha ya transista. Haikumsaidia, akaenda kufunga mzigo wake.

Nikatazama, basi. Nikaitazama baraza katika majuma haya ambayo redio ndogo imesema bila ya mtu wake. Yeyote anayefika huibonyeza. Mzee Jaribu husikiliza habari amesimama mlangoni, mwavuli mkononi, ikisha habari keshakwenda. Mzee Mjaka ametangaza kuwa atanunua yake asikilize kwake. Kahawa ya Bi Moza inamwagwa imepoa. Na juzi mbuzi ameingia tena kwenye mihogo. Mara hii hapakuwa na ukuta wala kandili. Shauri limekwenda moja kwa moja kwa Bwana Sheha, ambaye naona anatikisa kichwa, na ana haki ya kutikisa.

Bwana Himid, jibu lako nimelipata, nalo limenichelewea kwa sababu niliyokutajieni mwanzo. Ulidhani, na sisi tulidhani, kwamba unaipasha redio. Ulikuwa ukitupasha sisi. Redio imepata dawa ya ubaridi wake, na nawapongeza mafundi walioitengeneza. Lakini je, kuna fundi aliyewatia watu wa Wingwi transista? Mzee Jaribu anaweza kubonyezwa akasema na Mzee Mjaka papo hapo? Jaribuni.

Kwa hiyo wazee wamekaa, na Nyange mwenyewe ameridhia, wakakubaliana hivi. Redio ya taa itabaki pale pale mezani, imestaafu, na mtu asiifanye kabati la vikombe. Redio ndogo itakuwa mikononi mwa Bwana Himid. Hakuna atakayeifungua mpaka yeye ainue mkono wake wa kulia, aseme maneno yale yale, na kahawa izunguke mpaka mtu wa mwisho. Kijana mmoja ameniuliza, 'Mwalimu, si itakuwa uongo kusema inashika moto?' Nikamwambia, yeye hakusema ni nini kinachoshika moto.

Bwana Himid, redio ndogo hiyo hapo, imewekwa mbele yako, na jua limekwisha kukaribia kuchwa. Makoongwe ni kwema na Mwanabaraka ni mtoto mwema. Kamtembelee, kisha urudi.

Sasa naona ameinuka. Mpisheni. Anakwenda mlangoni, na mzigo uko huko huko, nami sina uwezo wa kumshika mtu kwa nguvu mbele ya Serikali. Mpisheni tu.

La. Ameupita mzigo, anarudi ilipo redio. Ndugu zangu mlio nyuma, msisimame, nitakuhadithieni mimi: ameinama, ameishika seredani kwa vishikio vyake viwili, anaiburura, anaipeleka mbali na redio, mpaka ukutani kabisa, karibu na Mzee Jaribu. Mzee Jaribu, kunja miguu. Na Bi Moza ameshachukua dele.

Ameinua mkono.

Mheshimiwa Mudiri, wazee wangu, mama zangu, mimi nimemaliza, na sasa tumsikilize mwenye kazi. Ahsanteni nyote kwa kunisubiri mpaka nikashika moto.