Mwenye Mguu Mzito Mbele: Tunamuaga Mzee Bulaimu

Tarehe 30 Juni 1957 Mzee Bulaimu Kalonda anaacha ulinzi wa lango la shule yetu ya wasichana hapa Kabambare, baada ya miaka ishirini na saba na miezi tisa ya kazi. Wasichana aliowafungulia lango zamani sasa wanaleta binti zao, naye huwauliza wale binti kama wanatembea polepole kama mama zao.

Alizaliwa ng'ambo ya Luama, mwaka haujulikani. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mpagazi wa watu wa ramani, na ndiye aliyekibeba chombo chao cha miguu mitatu. Watu wale walipanda vilima usiku ili alfajiri iwakute juu, kwa sababu wakati wa kiangazi moshi wa mashamba huifunika nchi mapema. Hivyo ndivyo Bulaimu alivyoujua mlima wa Lusangi: gizani, kwa nyayo, na mzigo kichwani.

Mwaka 1936 Sista Marie-Louise, aliyefundisha jiografia, aliamua kwamba wasichana waupande mlima huo usiku na kuliona jua likichomoza. Mlinzi wa lango akaombwa kuongoza. Alikubali kwa sharti moja, alilojifunza kwa wapagazi: "Mwenye muguu muzito, mbele." Anayechoka upesi hutangulia na wengine wote hufuata mwendo wake. Wenye nguvu hukaa nyuma, na kiongozi nyuma yao wote. Kwa namna hiyo hakuna anayeachwa njiani.

Usiku ule Bulaimu aliitazama miguu ya kila mmoja, akainama kwa adabu na kusema, "Sista mbele." Sista Marie-Louise alifurahi mno. Aliandika kwao Ulaya kwamba watu wa Kabambare wanajua kumheshimu mgeni. Miaka mitatu alitangulia kwa fahari, mpaka mpishi wetu Régina alipomweleza maana ya sharti lile. Wanasema alicheka hadi akakaa chini. Mwaka wa nne alikwenda kusimama mbele mwenyewe, bila kuambiwa.

Nami nimewahi kutangulia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na pumzi fupi, na tangu siku hiyo Mzee ananiita Mama Kobe, hata sasa, mbele ya darasa langu.

Sijui niandike nini juu ya kilele kile ili asiyefika aamini. Baridi ilikuwa imetunyamazisha. Mzee alimaliza sala yake pembeni ya jiwe kubwa, kisha Masista wakaanza wimbo wao kwa sauti ndogo. Mashariki kukawa na mstari mwekundu, mwembamba kama ukingo wa kisu kilichotoka motoni, kisha jua likatoka lote na sisi tukapiga kelele kama vichaa. Ndipo Mzee akaita: "Jua mutaliona kila siku. Geukeni!"

Tuligeuka. Chini yetu bonde la Luama lilikuwa limejaa ukungu mweupe, na juu ya ukungu ulilala mlima wa pili, wa buluu, mkubwa kuliko ule tuliosimama juu yake, ncha yake ikienda mbali magharibi hadi macho yakashindwa. Kilikuwa kivuli cha mlima wetu. Niliogopa kupumua. Nilijiona mdogo kuliko mchwa, na jambo hilo, sijui kwa nini, lilinifurahisha.

Kila mwaka Mzee aliuliza pale juu, "Kivuli kimefika wapi?" Wasichana walishindana kumjibu. "Kimefika Kasongo, Baba, kiko sokoni!" "Kimefika Nyangwe, kinatafuta mutumbwi!" Naye alijibu, "Kiacheni, kinajua kuogelea."

Safari ya mwaka huu, usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pentekoste, ilikuwa ya ishirini na mbili na ya mwisho. Tulipojipanga chini ya mlima, Mzee alisema, "Leo mimi mbele." Wasichana wakapiga makofi. Feza wa darasa la tano, ambaye mdomo wake haujui likizo, alisema, "Ni haki yako, Baba. Leo wewe ndiye shefu!" Wote tulidhani ni heshima ya kuagana. Tulikuwa tumesahau kosa la Sista Marie-Louise.

Nilitembea nyuma yake. Saa tisa mwezi ulizama, na mwendo wa wengine wote ukapungua. Wake haukupungua. Pale njia inapobanwa kati ya mwamba na genge, nilinyanyua taa ili nimwonyeshe ukingo, na mwanga ukampiga usoni. Macho yake hayakupepesa. Nikaelewa kwa nini amesimama mbele. Hakuwa ametudanganya. Alikuwa ametuambia mbele ya watu wote, kwa maneno aliyotufundisha mwenyewe.

"Tangu lini, Baba?" nilimwuliza polepole.

"Tangu mvua za mwaka jana. Nyamaza, Mama Kobe. Hii njia naiona na miguu."

Nyuma yangu kulikuwa na wasichana thelathini na wanane, na mmoja wao alikuwa akiimba. Ningeweza kuwarudisha. Nilimtazama akiweka mguu, akingoja kidogo, akiweka mwingine, kila mmoja mahali pake, na nikaona kwamba kama kuna mtu aliyepotea kwenye mlima ule, si yeye. Nilimfuata. Nilikanyaga alipokanyaga, nikawaambia walio nyuma wakanyage nilipokanyaga mimi.

Jua lilipotoka aliita kama siku zote, "Geukeni!" Tukageuka. Naye akauliza, "Kivuli kimefika wapi?"

Feza alikuwa ameshafungua mdomo kwa mzaha. Sijui aliona nini katika uso wangu, au katika uso wa Mzee. Alisogea, akamshika mkono wa kanzu, akasema taratibu: "Kimevuka Luama, Baba. Ukungu iko chini yake, nyeupe kabisa. Ncha yake siioni mwisho. Sasa kinaanza kurudi. Kinarudi polepole, kinakuja kwetu." Mzee aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani.

Mzee ameniruhusu kuandika haya kwa sharti moja: niandike pia kwamba hakujikwaa. Hakujikwaa.

Mzee Bulaimu, kwa niaba ya walimu, Masista na wasichana wote uliowafungulia lango, tunakushukuru. Pumzika vema kwa binti yako Mwanvua, kula vema, na maisha yaliyo mbele yawe na njia nyepesi. Na kila Pentekoste, tukishuka mlimani, tutapita kwako kwanza kabla hatujanawa miguu, tukuambie kivuli kimefika wapi.

Anastasie, mwalimu wa darasa la nne