Gari la Elfu Mbili na Sita Mpeni Mkunga

Sogeeni, wanangu, mkae upande wangu wa kulia, hapo karibu na dirisha, na wewe kifunguamimba weka chini hiyo simu yenye picha za magari, maana najua umekuja na jambo lako la kuuza gari letu la mwaka elfu mbili na sita ili ununue la elfu mbili na kumi na mbili. Juu ya hilo nitasema, lakini kwa njia yangu, kwani pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana.

Gari la barabara mbovu halichaguliwi kwa macho. La kumi na mbili lina sura, lakini akili yake yote ni nyaya, na likizima kwenye maji hakuna spana itakayoliamsha. La tisa lina injini nzuri kuliko zote nilizowahi kufungua, ila mengi ya mwaka ule yaliletwa kutoka nchi za baridi ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi ile hula chasisi kwa ndani, kama mchwa alavyo mlango uliopakwa rangi. La sita halina raha, viti vyake vinachosha mgongo, lakini litakupeleka na kukurudisha. Na karatasi za muuzaji msiziamini. Vuteni mkanda wa kiti mpaka mwisho, mtaona kitambaa kidogo kimepigwa chapa ya mwaka, na mdanganyifu mara nyingi hukisahau.

Hayo ni ya fundi. Sasa ya baba yenu.

Mnajua watu waliniita Sikio. Walitoka mbali kuja kugongewa: nalala chini ya gari, nagonga chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, chuma kizima kinalia kama kengele, kilicholiwa kinajibu kama debe lenye mchanga. Wanangu, huu ni mwaka wa kumi na moja sijaisikia kengele hiyo. Kelele za mashine ya kukatia chuma zilichukua sikio la kushoto, na hili la kulia likabaki na maneno ya watu tu, tena yakisemwa karibu. Mama yenu, Mungu amrehemu, aliniambia, "Baba watoto, waambie watu." Nikamjibu, "Nikiwaambia, tutakula nyundo?" Akacheka, na neno hilo hakulirudia mpaka anakufa.

Nikaendelea kugonga. Nilikuwa nagonga huku nikimtazama muuzaji usoni. Akitulia nasema gari zima, akianza kukohoa nasema bovu. Miaka ikapita hivyo, na sifa zikaongezeka.

Ndipo akaja mkunga, yule aliyewapokea nyote wawili duniani, na gari la elfu mbili na tisa. "Fundi, nilichukue?" Nikagonga. Muuzaji hakukohoa, maana naye hakujua. Nikamwambia, "Chukua, mama, hili litakuzika." Akanipiga kofi la begani: "Mdomo wako huo!" Tukacheka.

Miezi minne iliyopita alilileta nibadilishe springi za nyuma, na bisibisi yangu ikazama ndani ya chasisi kama kwenye papai bivu. Nilitoa kutu viganja viwili. Yeye amekaa juu ya tairi kuukuu, ananiuliza habari za kifua changu, kama nanywa dawa. Nikaziba kwa puti, ule ute wa kufukia mashimo ya bodi, nikapiga rangi nyeusi, nikamwambia ni springi tu. Jina langu niliona kubwa kuliko roho yake, na kuliko roho za wanawake anaowalaza kiti cha nyuma akishuka nao ule mteremko wa machimbo ya mawe. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami kimeniumbua.

Mwanangu, usinitazame hivyo. Najua gari letu ndilo riziki yako. Unasema tumwonye tu, atajua la kufanya. Ukimwonya tu ataliendesha, kwa sababu simu ikiita kwamba uchungu umeanza, hawezi kumjibu mtu eti nina gari bovu. Mpeni letu. La kwake lileteni hapa, injini ing'oeni, hiyo ndiyo urithi wako, na chasisi ikateni vipande viwili mbele ya watu, asije mwingine akaipaka rangi kama mimi. Nyumba na karakana ni zenu sawasawa, msigombane.

Binti yangu, wewe ndiye utakayesema, kaka yako atatafuna maneno. Usiseme baba alikosea. Sema alijua. Sema tangu siku ya springi alijua. Akilia, mwache alie, akinitukana, msinitetee.

Nipe maji... Basi, yatosha.

Mawingu yale nayaona. Mvua ikianza mteremko ule utakuwa utelezi, kwa hiyo nendeni sasa hivi, msingoje nife kwanza. Mkirudi mkinikuta kimya, nifunikeni, mimi sina haraka tena. Lakini mkifika kwake mkaambiwa ametoka na mgonjwa, mfuateni, mpigieni honi, mzibieni njia hata akasirike.

Radhi zangu mnazo, wote wawili. Mungu awape... awape ulimi mwepesi kuliko wangu. Ufunguo... uko chini ya mto, hapa. Niinue kichwa, binti. Haya, uchukue, mwanangu.

Mbona bado mmekaa?